Mkono wa Fundi Simu

Simu iliyozima haimwambii mwenyewe chochote. Anabonyeza kitufe, anachomeka chaji, anaipigapiga kiganjani, kisha anatangaza kwamba imekufa. Fundi halitumii neno hilo mapema. Anaifungua, anachomoa betri, na pale ilipokuwa betri anashikiza waya mbili zitokazo kwenye pawasapulai, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, volti nne hivi. Hajabonyeza kitu bado. Anatazama tarakimu za ampea tu.

Umeme ukianza kuliwa kabla kitufe hakijaguswa, kuna shoti: mahali fulani kwenye bodi chanya na hasi zimekutana. Kitufe kikibonyezwa na tarakimu zisitikisike, ama kitufe kimekatika, ama umeme haufiki kwenye IC ya pawa, ama IC yenyewe haiamki. Zikipanda kidogo zikaganda palepale, simu imeamka lakini haijui la kufanya, na hapo fundi anaanza kuishuku programu au chipu ya kumbukumbu. Zikipanda, zikashuka, zikapanda tena kwa mapigo yaleyale, simu inajaribu kuwaka na kushindwa. Huenda kuflashi tu, yaani kuipakia programu upya, kutatosha. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya wateja jirani na soko la Singida mjini, na bado naamini usomaji makini kuliko wote unaofanyika katika mji huu hufanyika juu ya meza za mafundi hawa, hata nikiwaweka mizanini walimu na mahakimu.

Kujua kwamba kuna shoti ni nusu ya kazi. Ubao wa simu una mamia ya vipande, na vingi ni kapasita zilizo ndogo kuliko punje ya uwele. Ipi imeungua? Kwa macho haionekani. Fundi niliyemzoea hupaka spiriti juu ya ubao mzima, akaingiza volti kidogo kwenye njia yenye shoti, akainama. Kipande kibovu hupata moto kabla ya wenzake, na spiriti hukauka pale kwanza. Doa kavu moja kwenye ubao uliolowa, hilo ndilo jibu. Wengine hufukiza moshi wa flaksi mpaka ubao uwe mweupe, kisha hungoja weupe uyeyuke sehemu moja. Kapasita iliyofichuka huondolewa kwa hewa ya moto, na mara nyingi hakuna inayorudishwa mahali pake, kwa kuwa zile za kuchuja umeme zimepangwa nyingi sambamba na simu haijali ikikosa moja.

Nilimwona akifanya hivyo kwa simu ya mama mmoja muuza vitunguu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Simu imezima tangu jana, na wateja wangu wote wamo humo.”

Simu ikawaka. Akatajiwa bei, na mama akashtuka. “Lakini hujaweka kitu! Nimekuangalia, umetoa tu.”

“Nimetoa kilichokuwa kinakula chaji yako, mama.”

Alilipa, ila baada ya kupunguziwa, na sidhani aliridhika. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Tumezoea kulipia spea. Kioo kipya kinaonekana, betri mpya inashikika, na mteja anajua fedha yake imekaa wapi. Kujua ni kipande gani kimeungua hakuna umbo, kwa hiyo kunahesabiwa kama hisani. Nadhani ndiyo sababu baadhi ya mafundi wamejifunza kudanganya: wanakwambia wamebadilisha IC ya chaji hali wamesafisha tundu, maana ukweli hauuziki. Siwatetei. Nasema tu kwamba wateja nasi tunachangia uongo huo.

Fundi mzuri wa Singida hujua pia mkoa wake, na anaujua kupitia matundu ya simu. Upepo huku ni mwingi kiasi kwamba kwa miaka sasa kuna mipango ya kuuzalishia umeme, na kiangazi kirefu hukausha ardhi ikawa unga. Vumbi hilo hujaa kwenye tundu la chaji, likashikana na nyuzi za mfuko wa suruali mpaka pini isiingie hadi mwisho. Malalamiko mengi ya “chaji haiingii” huishia kwenye sindano na mswaki. Vijana wanaofanya kazi kwenye mashine za kukamua alizeti huleta spika zilizozibwa na vumbi lenye mafuta, ambalo mswaki mkavu hulisukuma ndani zaidi.

Halafu kuna maji. Ziwa Singidani limelala ukingoni mwa mji na maji yake ni ya chumvi. Simu iliyonyeshewa mvua na simu iliyotumbukia Singidani ni wagonjwa wawili tofauti. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na maadamu betri bado imeunganishwa, umeme unaopita humo huila shaba ya ubao na kuacha kutu ya kijani chini ya vile vifuniko vya bati vinavyokinga chipu. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni kama uliizima. La pili, ambalo huuliza akiwa ameshajua jibu, ni kama uliiweka kwenye mchele. Mchele haufyonzi chochote kilichojificha chini ya bati. Unakupotezea siku mbili ambazo kutu inazitumia vizuri. Izime, usiichaji, ipeleke ikafunguliwe. Ningependa mashirika ya simu yangetuma ujumbe huo badala ya matangazo ya bahati nasibu.

Kazi hii haikuanza na ugumu huu. Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003, ikiwa na tochi yake, mfuniko ulifunguka kwa kidole gumba na betri ikadondoka yenyewe mkononi. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na kizazi kizima cha mafundi kilijifunza ufundi ndani yake kwa sababu ilifunguka bila kinyongo. Baadaye zikaja Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen iliyoanzishwa mwaka 2006, ambayo iliiona Afrika wakati wakubwa wengine wanatazama pengine: laini mbili, betri kubwa, bei ya mtu wa kawaida. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, nchi nzima ilikwishajifunza kubonyeza *#06# na kutamka neno IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Simu iliyofungiwa mtandao usiku ule haikuwa taka kwa fundi. Ilikuwa bado na spika, maiki, kioo na kapasita zilizo hai.

Kinachomtia shaka fundi leo ni gundi. Betri imegundishwa, kioo kimegundishwa, mgongo wa simu nao ni kioo kilichogundishwa, na kuifungua bila kuivunja kunataka joto la kadiri, kadi nyembamba ya plastiki, na roho isiyo na haraka. Watengenezaji wanasema gundi inazuia maji. Ni kweli inazuia. Lakini Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilistahimili maji ikiwa na mfuniko unaobanduliwa kwa ukucha na betri inayotoka, kwa hiyo sababu hiyo pekee hainitoshi.

Baada ya gundi ikaja kufuli ya ndani. Kwa miaka kadhaa, ukichukua kioo halisi kutoka iPhone moja na kukifunga kwenye iPhone nyingine ya aina ileile, simu ililalamika kwamba haikitambui, kwa sababu kipande kiliandikishwa kwa simu yake ya kwanza na ni mtengenezaji aliyekuwa na mamlaka ya kubadili andiko. Fundi alifanya kila kitu sawasawa na bado mteja aliona onyo kwenye kioo na kumwita tapeli. Huko ndiko tasnia ilikokuwa ikielekea, na naona ulikuwa uamuzi wa kibiashara uliovikwa joho la usalama. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka. Baada ya kelele, ikashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29. Watu waliokuwa wakijiandaa kununua simu mpya waligundua kumbe walihitaji betri. Fundi yeyote wa Singida angewaambia hivyo kwa bei ya soda.

Sheria zimeanza kugeuka, ingawa mbali na hapa. Machi 2024 jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria inayokataza kufunga vipande kwa namna hiyo. Umoja wa Ulaya umeweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa siku ambayo betri za vifaa vinavyobebeka lazima ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, pamoja na vighairi ambavyo makampuni bila shaka yatavipenda. Inaweza kuonekana hayatuhusu. Lakini simu zilizotumika Ulaya na Dubai hushuka Kariakoo, zikapanda basi kuja bara, na miaka kadhaa baadaye kilichoamuliwa Brussels kinalala juu ya meza ya mbao karibu na soko la vitunguu. Skrubu iliyowekwa na mbunge wa Ulaya itafunguliwa na kijana wa Singida.

Yapo pia ya uaminifu. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, simu imekuwa mkoba, na unapomwachia fundi simu pamoja na namba ya siri ya kuifungulia umemwachia mkoba, picha za ndoa na madeni yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini haikai pale mezani. Anayekaa ni fundi. Niliyemzoea hufungua simu mbele ya mwenyewe, hutoa laini na kumkabidhi kabla hajagusa skrubu, na huwafukuza wanaotaka wabadilishiwe IMEI, jambo ambalo ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Anapoteza fedha kwa hilo, na anajua anayezipata ni nani, mita chache tu kutoka hapo. Kwangu kanuni ni rahisi: mpe simu fundi ambaye meza yake inatazama barabara.

Wazazi wengi wa mkoa huu wakisikia mtoto anasoma kompyuta, hawaoni meza hiyo; wanaona ofisi yenye kiyoyozi. Ofisi hizo zenyewe zimeyumba. Kati ya Novemba 2022 na Januari 2023, Meta ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000, Google 12,000 na Microsoft 10,000, na tangu hapo programu zenye akili unde zimeanza kuandika ile misimbo rahisi ambayo zamani wanaoanza kazi walijifunzia. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, na wahitimu wake hurudi nyumbani Singida wakiwa na shahada, bahasha, na subira inayopungua.

Mmoja wao sasa hukaa benchi moja na fundi wangu. Mwanzoni alikuja kutengenezewa simu. Anasoma skematiki kwa Kiingereza, anajua kwa nini sheria ya Ohm inafanya kazi, na anaweza kuandika programu ndogo ya kuhifadhi kumbukumbu za wateja. Fundi, aliyeishia kidato cha pili, anajua hewa ya moto iwe kiasi gani kabla chipu ya jirani haijaanza kuelea kwenye risasi iliyoyeyuka. Wanabishana kutwa. Kijana anataka kupima kila kituo kwenye njia ya umeme kwa mita. Fundi anataka aguse kwanza kwa kidole. Nimemwona kila mmoja akishinda. Mtu akiniuliza taaluma ya kompyuta ina sura gani katika mkoa wa alizeti na kuku wa kienyeji, nitamwonyesha benchi lile kabla ya kumwonyesha jengo lolote.

Vyeti navyo vimeanza kusogea. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana mtaani, na TCRA inawataka mafundi simu wawe na leseni. Fundi anasema atakwenda, msimu wa vitunguu ukipita na wateja wakipungua. Mpaka sasa walimu wake ni video za mafundi wa India na Pakistani, wanaoeleza kwa lugha asiyoielewa hata neno moja, naye hutazama mikono yao tu, akirudisha nyuma pale ncha ya soda aini inapogusa. Simu ya kwanza aliyoifungua maishani ilikuwa ya mjomba wake wa Kiomboi, bila ruhusa, kwa kisu cha jikoni. Haikuwaka tena. Mjomba huyo bado huja mjini kila mwezi, hupita kumsalimia mpwa wake na kunywa chai pale benchini, na simu yake ikiharibika humpelekea fundi wa ng’ambo ya barabara.