Kufuru ya Jirani

Neno kufuru tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kufunika. Mwenye kukufuru ameufunika ukweli. Lakini ukweli wa nani? Mwislamu husali kwa sura isemayo kuwa Mungu hana mwana. Mkristo asemapo Nasadiki, humtaja Mwana huyo kwa heshima. Ibada ya huyu ni kufuru kwa yule, na wote wawili ni majirani, hukopeshana chumvi. Yesu mwenyewe, tusisahau, Baraza la Wayahudi lilimtia hatiani kwa kosa hilohilo, na Kuhani Mkuu akararua mavazi yake.

Kwa hiyo mimi, kila nisomapo sheria ya namna hii, kwanza hutafuta neno moja: nia.

Neno hilo lilikuwamo katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotokana na rasimu ya Macaulay. Haikutosha kwamba msikilizaji kaumia. Ilibidi msemaji awe amekusudia kumuumiza. Ajabu ni kuwa Waingereza kwao hawakujifunga hivyo. Mhariri wa gazeti la Gay News alitiwa hatiani mwaka 1977 kwa sababu ya shairi juu ya Kristo, na mwaka 1979 majaji wakuu wakasema haikuwa lazima kuthibitisha kuwa alikusudia kukufuru. Mwaka 1990 Waislamu walipoipeleka mahakamani The Satanic Verses, wakaambiwa sheria ile inalinda Ukristo tu. Basi haikuwa ikimlinda Mungu, bali kanisa la dola. Ilifutwa Uingereza mwaka 2008, na sidhani wengi waliililia.

Pakistan ilirithi kanuni ya India pamoja na neno lake. Mwaka 1986 ikaongeza kifungu cha 295-C, juu ya kumtukana Mtume, adhabu yake kifo, na humo nia haikutajwa. Asia Bibi, mama Mkristo, alihukumiwa kunyongwa mwaka 2010 baada ya ugomvi na wanawake wenzake shambani juu ya maji ya kunywa. Salman Taseer, gavana wa Punjab aliyemtetea, aliuawa Januari 2011 na mlinzi wake mwenyewe. Mahakama Kuu ya nchi ilimwachia mama huyo mwaka 2018. Nami huona uzito moyoni nikikumbuka kuwa Kurani, inapoeleza wanaozifanyia mzaha aya za Mungu, humwagiza muumini asikae nao mpaka wabadili mazungumzo. Upanga waliuleta mafakihi.

Na sisi Tanzania? Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinafuata maneno ya India karibu sawasawa. Mwaka 2000 mhubiri mmoja wa Kiislamu alishitakiwa Morogoro kwa kuukana hadharani uungu wa Yesu, akafungwa miezi 18. Hakimu alitazama jeraha, hakutazama nia. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2003 ilifuta hatia yenyewe: mtu yule alikuwa akihubiri imani yake, na kusudi la kumwumiza yeyote halikuthibitishwa. Hukumu ile ni ya kusomwa tena na tena. Ila mhubiri alikwisha kuonja jela, na kifungu cha 129 kimebaki mikononi mwa mahakimu wa wilaya, ambao husikiliza kesi zao umati ukiwa nje ya dirisha.