Yumo, au Amepita Tu?

Mafundi wa umeme wa hapa Singida Mjini wamekwisha kukipa jina kile kijidude cheupe kinachobandikwa darini ili taa iwake yenyewe mtu aingiapo. Wanakiita sensa. Jina hilo silichukii. Ni fupi, linatamkika, na halimtishi mteja. Ila kila nilisikiapo naikumbuka sensa ile nyingine, ya watu na makazi, ambayo mara ya mwisho ilifanyika tarehe 23 Agosti 2022. Karani alibisha hodi, akakaribishwa kiti, akauliza ni nani waliolala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku hiyo.

Waliolala! Liangalie swali hilo, ndugu msomaji. Hakuuliza ni nani aliyekatiza uani, wala ni nani aliyeonekana akienda na kurudi. Kwa hesabu hiyo ya waliolala tukapatikana watu 61,741,120, na ajuza aliyekuwa hoi kitandani akahesabiwa mtu mmoja kamili, sawasawa na kijana aliyeshinda akipiga mpira. Sensa ya darini, hasa ile ya bei nafuu iliyojaa madukani, ingemruka ajuza huyo kana kwamba kitanda ni kitupu.

Nakusudia kuvihukumu vifaa viwili ambavyo huuzwa kwa jina hilo moja, na aghalabu kwa maneno yale yale ya sifa. Kimoja ni kitambuzi cha mwendo. Kingine, kilichotufikia baadaye na ambacho bei yake ni kubwa zaidi, ni kitambuzi cha uwepo. Anayejenga nyumba yake Mandewa au Utemini na akataka taa, feni na kengele zijiendeshe zenyewe, hana budi kuchagua kati ya hivyo viwili, na mara nyingi huchaguliwa na muuzaji kabla hajauliza.

Kitambuzi cha mwendo hakitoi kitu, hungoja. Ndani yake mna vipande viwili vidogo vya madini ambayo yakipatwa na badiliko la joto hutoa chembe ya umeme. Vipande hivyo vimeungwa kinyume, kimoja kikivuta huku na kingine kule, ili joto la chumba likipanda kote kwa pamoja vifutane na kisitokee kitu. Mbele yake kuna kifuniko cha plastiki chenye viraba vidogo vidogo, ambacho ni kitukuu cha lenzi alizobuni Mfaransa Augustin Fresnel kwa ajili ya minara ya kuongozea meli katika miaka ya 1820. Kazi ya kifuniko ni kukigawa chumba mapande mapande. Mwili wa mtu hutoa miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Ukivuka kutoka pande moja kwenda jingine, mizani ya vile vipande viwili inapinduka, na taa inawaka. Neno lenyewe ni kuvuka. Ndiyo maana mtu anayekijia kifaa uso kwa uso huchelewa kuonekana kuliko anayekatiza mbele yake, na aliyetulia haonekani kabisa. Ndani mna pia saa ndogo, ambayo katika aina zilizozoeleka hupangwa kuanzia sekunde chache hadi kiasi cha dakika tano. Saa hiyo ikiisha na hakuna aliyevuka, giza.

Huo ni ufundi mzuri, tena wa miaka mingi, na sina ugomvi nao mahali pake. Kinatumia umeme kidogo mno hata betri ndogo hukiweka hai kwa mwaka na zaidi. Ugomvi wangu ni kukipa kazi ambayo hakikuumbiwa. Wageni wanaolala katika gesti za kando ya barabara kuu iendayo Mwanza wanaijua shida hii: mtu mzima ameketi chooni, taa inazimika, naye anaanza kupunga mikono gizani kama anayeaga basi. Tunacheka, maana ni choo na ni usiku mmoja. Hata kwa mlinzi wa usiku kuna kichekesho chake. Ameketi kwenye kiti chake na rungu magotini, kimya, na taa ya ulinzi inamzimikia yeye. Itawaka akija mwizi, na kumwonyesha mwizi mahali mlinzi alipo.

Lakini nyumbani watu hutulia, na mara nyingi kutulia ndiko kulikowaleta nyumbani. Mtoto wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani husoma ukurasa mmoja kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. Mama anayenyonyesha hatingishiki kwa kuhofia kumwamsha mtoto aliyeanza kusinzia. Mwenye tasbihi juu ya mswala na mwenye rozari kando ya kitanda huwa na kidole kimoja tu kinachotembea. Wote hao, kwa kifaa hiki, wamekwisha kutoka.

Kwangu anaishi shangazi yangu, ambaye tangu kiharusi mkono wake wa kulia hauinuki. Fundi alipokuja kupima nyumba nilimwuliza habari za chumba chake.

“Mzee, hiyo haina shida,” akasema. “Taa ikizima anapunga mkono tu, inawaka.”

“Mkono upi, mwanangu?”

Akanitazama, akatazama mlango wa chumba, akarudisha futikamba mfukoni. Alikuwa kijana mwenye adabu, na jibu lile hakulitunga yeye. Alilisikia kwa waliomfundisha, nao kwa waliowauzia. Ni jibu linalotaka mtu athibitishe kila baada ya dakika kadhaa kwamba angali hai, na asiyeweza akae gizani.

Udhaifu wa pili hutajwa kwa nadra. Kitambuzi cha mwendo huutofautisha mwili na kilicho nyuma yake kwa joto. Ngozi yetu ina nyuzi 33 au 34 hivi. Katika nyumba ya bati isiyo na dari, saa nane za mchana mwezi wa Oktoba, ukuta wenyewe waweza kukaribia kiwango hicho, na mtu akapotea mbele yake kama punje ya mchele katika sahani nyeupe. Kwa taa si neno, ni mchana. Lakini kwa yule aliyekifunga ili kiwashe feni, kifaa kinaanza kumsahau saa ile ile anapokihitaji.

Sasa tukigeukie cha pili. Hiki hakingoji. Hutuma mawimbi ya redio, kwa kawaida ya gigahezi 24 au 60, kisha husikiliza yanavyorudi, mfano wa popo na mlio wake. Ni rada, ndugu ya ile tochi ya askari wa barabarani iliyo ya aina hiyo. Urefu wa wimbi moja ni kama milimita 12 kwa gigahezi 24 na milimita 5 kwa gigahezi 60, na kwa mawimbi mafupi kiasi hicho kifua kinachopanda na kushuka milimita chache kimefanya safari ndefu. Kwa hiyo aliyelala anaonekana. Mwenye tasbihi anaonekana. Shangazi yangu, ambaye hawezi kumpungia mtu, anaonekana kwa kupumua tu. Siwezi kuzungumzia jambo hilo kwa kejeli. Ni mara ya kwanza kifaa cha namna hii kinamtambua mtu kwa kuwa hai, bila kumdai kazi yoyote.

Hata hivyo boksi nililoonyeshwa liliandikwa kwamba kifaa hutambua binadamu na hakikosei, na hapo ndipo nikaanza kununa. Hakitambui binadamu. Kinatambua mtikisiko wa milimita, wa chochote kile. Na sisi ni watu wa Singida. Upepo wa hapa si hadithi, na waliokuja kupima uwezekano wa kuzalisha umeme kwa upepo hawakuja kwa bahati. Pazia la dirisha lililoachwa wazi wakati wa kiangazi halitulii hata dakika moja. Rada hulitazama pazia hilo na kusema: mtu. Hulitazama panga boi likizunguka: mtu. Kuku akipita chini ya meza, na hapa kwetu kuku si mgeni sebuleni: mtu. Tena mawimbi hayo hupenya mbao na jipsamu, kwa hiyo aliyegawa chumba kwa ubao mwembamba atashangaa taa ya upande huu ikiwaka kwa ajili ya anayekoroma upande ule. Nyumba tupu yaweza kuangaza usiku kucha kwa ajili ya pazia.

Kiswahili kingetuepusha na ulaghai huu wa majina tungalikisikiliza. Tunasema yuko, yupo na yumo, na kila mtoto anajua kwamba si mamoja. Yuko, huko mahali fulani, hatujui hasa wapi. Yupo, hapa panapojulikana. Yumo, ndani humu. Wauzaji wanatuahidi yumo kwa vifaa vyote viwili. Kitambuzi cha mwendo kikisema kweli kitasema amepita tu. Kile cha uwepo, pamoja na ubora wake, hakiwezi kufika hadi yumo, maana yumo inamtaja mtu. Kinachoweza kusema ni mna: mna kitu humu kinachotikisika. Hilo ni jingi kuliko amepita, na kwa mgonjwa ni jingi sana. Ila ni pungufu ya kile alichokijua karani wa sensa kwa kubisha hodi na kungoja sauti.

Wanaotetea kifaa cha bei nafuu, au kifaa chochote cha aina hii, hukimbilia LUKU. Kitakuokolea uniti, wanasema. Haya, tupige hesabu. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa kumi kila usiku ilikula uniti 18 kwa siku 30, na enzi hizo hoja ilikuwa na nguvu. Balbu ya LED ya wati 9 kwa saa hizo hizo inakula 2.7. Na rada yenyewe hailali. Hutumia karibu nusu wati mchana na usiku, yaani kama uniti 0.36 kwa mwezi. Funga sita nyumba nzima, umekwisha kutumia zaidi ya uniti mbili kulinda taa ambayo ingewaka usiku kucha kwa chini ya tatu. Mwenye kutafuta akiba angenunua balbu nzuri na kuwafundisha watoto kuzima swichi.

Inabaki sababu moja nzito, nayo ni usalama wa mtu anayeamka usiku kwenda msalani na macho yake hayaoni vizuri, au mikono yake imeshika fimbo. Kwa kipimo hicho makosa mawili ya vifaa hivi hayalingani. Kuwasha taa katika chumba kitupu hulipwa kwa senti, na anayelipa ni mwenye nyumba. Kumzimia taa aliyemo hulipwa na aliyemo, tena pengine kwa nyonga. Robo saa nzima ya balbu ya wati 9 ni zaidi kidogo tu ya elfu mbili ya uniti. Sioni kwa nini fundi apange dakika moja kwenye korido wanamopita wazee, isipokuwa kwamba ndivyo kifaa kilivyotoka kiwandani.

Hukumu yangu basi inategemea chumba, na siioni haja ya kumpa mmoja kombe. Korido, stoo ya magunia ya alizeti, lango na ngazi ni mahali pa kupita. Huko kitambuzi cha mwendo kinatosha, tena kinamshinda mwenzake kwa kuwahi kuwasha na kwa kutojali pazia lisilo na joto lake. Sebuleni, mezani pa kusomea na popote watu wanapokaa, wafungwe wote wawili: wa mwendo awashe, wa uwepo azuie kuzima, na giza liruhusiwe pale tu wote wawili waliponyamaza kwa muda. Mafundi wanaojua kuunganisha vifaa hivi kwenye kompyuta ndogo ya nyumba hawashindwi na kazi hiyo, na mteja asikubali kuambiwa haiwezekani.

Chumbani kwa mgonjwa nilikataa vyote viwili kwa upande wa kuwasha. Shangazi ana swichi ya kamba kushoto mwa kitanda, mkono unapofika. Rada iliyo darini mwake imepewa kazi moja tu, kuiacha taa ndogo ya njia ya msalani ikiwaka maadamu kitu kinapumua humo. Alipoelezwa, aliuliza kama inaandika anavyopumua. Niliuliza kwa fundi nikajibiwa kwamba inaweza, ikipangwa hivyo. Akasema isipangwe.

Sebuleni bado tunahangaika na dirisha la mashariki. Rada nyingi huruhusu kuwekewa mpaka wa mita, na yetu tumeikatia tatu na nusu ili isilifikie pazia. Ila kiti anachokipenda babu wa jirani, ajapo kusikiliza taarifa ya habari, kiko mita nne. Tumekubaliana kukisogeza kiti. Yeye hajakubali.