Mwenye Kadi Hakuombwa

Kichocheo kilisema hivi: tafuta karatasi ya zamani, ipake rangi nyeupe, acha maneno matatu tu yasomeke. Nilikuwa kwa bibi, Kasulo wilayani Ngara. Nilikuwa na kaunta buku, gundi, rangi iliyobaki baada ya kupaka ukuta, na tiketi ya basi lililonileta kutoka Biharamulo kupitia Lusahunga na Nyakahura. Kwenye sanduku la bibi nikakuta kadi ya mgao wa chakula ya kambi ya Benaco. Nikaibandika, nikaipaka. Ukurasa ulipendeza, na mpaka leo nasema ulipendeza.

Bibi aliutazama, akanyamaza, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mwenye kadi umemwomba?"

Kadi ilikuwa ya mwanamke wa Rwanda, mmoja wa watu wapatao 250,000 waliovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, mwishoni mwa Aprili 1994. Alikuwa akija kumsaidia bibi kulima. Desemba 1996, serikali ilipowataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kuisha, alimwachia bibi kadi hiyo akasema ataifuata. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo waliokimbia mauaji, na walikuwamo walioua. Bibi hajui huyu alikuwa nani kati ya hao. Anajua tu kwamba alikabidhiwa kitu akitunze.

Swali la bibi nililipeleka kwenye kitabu kilichonifundisha kubandika: The Journey Is the Destination, kurasa za madaftari ya Dan Eldon, kilichotoka mwaka 1997. Eldon alizaliwa London mwaka 1970, akakulia Nairobi, akawa mpiga picha wa Reuters. Daftari lake halina nafasi tupu. Picha imelala juu ya picha, rangi juu ya gazeti, mwandiko juu ya vyote. Ubora wake ni kwamba haombi ruhusa ya kuwa mchafu. Kwa sisi tuliofundishwa shuleni kupiga mstari wa pembeni kabla ya kuandika tarehe, huo ni uhuru mkubwa.

Lakini nikirudi kwenye kurasa hizo na swali la bibi, naona nyuso nyingi ambazo msomaji haambiwi ni za nani. Zinaipa kurasa nguvu, kisha zinabaki kuwa rangi tu, kama kadi yangu.

Hapo ningemhukumu Eldon, ila kuna jambo linalonizuia. Aliuawa na umati wenye hasira Mogadishu, tarehe 12 Julai 1993, akiwa na miaka 22, baada ya shambulio la helikopta za Marekani. Madaftari yalichapishwa baada ya kifo chake, na aliyeyaandaa ni mama yake. Basi naye mwenyewe hakuombwa. Siku hiyohiyo waliuawa pia Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss. Maina na Macharia walikuwa Wakenya, lakini vijana wengi wanaobandika kurasa kwa kumuiga Eldon hawajawahi kuyasikia majina yao.

Kwa hiyo lawama yangu naielekeza kwenye vichocheo. Vinatuambia tutafute, tukate, tupake, kana kwamba kila karatasi ya zamani ni takataka iliyokuwa ikingoja msanii. Pengine palipo na karatasi tele ni hivyo. Katika nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo karatasi iliyotunzwa sandukuni ina sababu ya kutunzwa: cheti, kadi ya kliniki, barua ya mtu asiyerudi. Hata hivyo siwezi kuvikataa kabisa. Bila kichocheo nisingefungua sanduku, na bibi asingenisimulia.

Rangi haikutoka. Maneno matatu niliyoyaacha ni ya fomu tu. Jina la mwenye kadi lilibaki chini. Kwenye ukurasa unaofuata niliandika aliyonieleza bibi, yeye akisema, mimi nikiandika, bila kubandika kitu. Jina la yule mwanamke alilikumbuka, nami nimeliandika humo. Hapa silitaji, kwa sababu bado sijamwomba.