Kuku Akabaki

Karatasi ya Insha ya KCSE inaagiza kila insha isipungue maneno 400. Isipungue. Kwa hivyo tulijifunza kunenepesha: methali hapa, tashbihi pale, jua linachomoza aya nzima kabla mtu hajaamka. Halafu kijana huyo huyo anaomba nafasi ya chuo Marekani na kukuta sheria imegeuzwa. Insha kuu ya Common App haizidi maneno 650. Yale imekuwa ikiuliza kwa nini unaitaka, ujibu kwa 125. Stanford nayo imewahi kuuliza ni changamoto gani kubwa zaidi inayoikabili jamii leo, kwa maneno 50. Jamii nzima, maneno hamsini! Hata tangazo la kifo gazetini hupewa nafasi zaidi, maana lazima mashemeji wote watajwe.

Sina ugomvi na ufupi. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kawaida mizani 16 kila mmoja, na humo watu wametongozana, wakatukanana, wakaliliana. Swali langu ni nani anayekatwa.

Nimehariri insha kadhaa za aina hii (chuo niliacha, lakini kupunguza maneno najua). Rasimu ya kwanza huwa imejaa watu: shangazi aliyeuza mbuzi, mwalimu aliyeazima kompyuta ya ofisi, kanisa lililoitisha harambee ya karo. Rasimu ya tano hesabu iko sawa, ila amebaki mtu mmoja. Nilijitahidi. Nilishinda. Watu hukatwa mapema kwa sababu kila mmoja anahitaji kuelezwa, na Kiingereza kinawatoza ghali. Sisi tunasema "walinichangia", neno moja tu, na ndani yake wao wamo, mimi nimo, pesa imo. Kwa Kiingereza hiyo ni sentensi, na bado msomaji wa huko hajui harambee ni nini.

Basi zinasomeka vizuri, safi kabisa, na ni uongo kiasi. Kijana anafika mezani kwao kama mtu aliyejilea.

Niliyoipenda zaidi ilikuwa ya maneno 100 hivi, karibu nusu yake orodha ya nani alitoa shilingi ngapi. Wa mwisho alitoa kuku. Mwandishi hakujisifu popote, na ni yeye niliyemjua vizuri kuliko wote. Ilikuwa imezidi kwa maneno manne. Tukaondoa vivumishi, kuku akabaki.