Fundi Anayeipa Hewa Njia

Mwezi wa Machi, hewa ya Dar es Salaam huwa na maji hata kabla mtu hajafungua bomba. Nguo zilizoanikwa usiku huamkia mbichi, chumvi hugandana kikoponi, na taulo lililoachwa bafuni huanza kunuka uvundo siku ya pili. Katika hewa hiyohiyo mtu huwasha shawa ya umeme, akaoga maji ya moto, kisha akatoka na kufunga mlango. Mvuke aliouacha hauna pa kwenda. Hutua kwenye kioo, kwenye vigae na kwenye siling bodi, na baada ya miezi michache doa jeusi la ukungu hujitokeza kwenye pembe ya juu, mahali ambapo mkono wa mfagiaji haufiki.

Nyumba za zamani hazikulijua sana tatizo hili. Bafu lilikuwa uani, au lilikuwa na tofali za matundu chini ya paa na dirisha la luva lisilofunga sawasawa, hivyo upepo ulipita bila kuombwa. Siku hizi tunapenda chumba cha masta, bafu limebanwa katikati ya vyumba, na kwenye maghorofa mengi ya mjini limepewa kidirisha kinachotazama shimo la hewa wanalochangia wapangaji wa sakafu zote. Hewa isiyoweza kutoka yenyewe inahitaji wa kuitoa. Ndipo inapokuja feni ya kutolea hewa, na nyuma yake fundi wa kuifunga.

Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata hivyo fundi huyu nitamsifu, kwa kuwa kazi yake ikiwa nzuri hakuna anayeiona.

Kununua feni si kazi kubwa. Chukua bafu la mita 2 kwa mita 1.5, lenye ukuta wa mita 2.7: ndani yake mna mita za ujazo 8.1 za hewa. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka feni ya bafu itoe angalau lita 15 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 54 kwa saa. Kwa bafu letu, hiyo ni kuibadili hewa yote karibu mara 7 kila saa. Feni nyingi za inchi 4 zimeandikwa mita za ujazo 80 kwa saa au zaidi kwenye kasha, basi mnunuzi huridhika, akalipa, akaondoka.

Fundi haridhiki na kasha. Anajua kwamba tarakimu ile kwa kawaida hupimwa feni ikiwa wazi, haina bomba mbele yake. Ukiifunga kwenye bomba refu lililokunjwakunjwa juu ya dari, kila kona inakata sehemu ya nguvu yake. Kwa hiyo swali lake la kwanza linahusu ukuta: upi uko karibu na nje? Kama bafu limepakana na nje, feni ya mapanga ya kawaida inatosha, itoboe ukuta na kupumulia huko. Kama njia ni ndefu, atashauri feni ya gurudumu, inayoivuta hewa katikati na kuirusha pembeni, maana hiyo ina msukumo wa kushindana na bomba. Na bomba lenyewe atataka liwe gumu na laini ndani, lenye elbo chache, lililoinamishwa kidogo kuelekea nje ili matone ya mvuke uliopoa yasirudi kwenye mota.

Hapo ndipo anapoachana na mbabaishaji. Mbabaishaji hutoboa siling bodi, akapachika feni, akaiacha imwage mvuke darini. Ikiwashwa inanguruma vizuri na mwenye nyumba anashukuru. Huko juu, mbao za kenchi zinalowa kila siku na jipsamu inalegea, mpaka siku dari inapoanza kushuka. Maji yamehamishwa chumba tu.

Fundi wa kweli hufikiria pia hewa inayoingia. Feni haiwezi kutoa kisichoingia. Bafu likizibwa kila upande, mapanga yatazunguka bure. Ndiyo maana huinama kutazama chini ya mlango. Nafasi ya milimita 10 chini ya mlango wa kawaida inatosha. Kisha feni huiweka mbali na mlango huo, juu, karibu na shawa, ili hewa kavu ivuke chumba kizima kabla ya kutoka. Akiiweka juu ya mlango, hewa itaingia na kutoka palepale, na mvuke utabaki kwenye kona yake.

Kwenye umeme hana mzaha. Hukata umeme kwenye kikatizi kikuu, akahakikisha kwa testa, ndipo ashike waya. Feni ya karibu na shawa huitafuta yenye alama ya IPX4, kwa maana kwamba maji yakiirukia kutoka upande wowote hayaidhuru. Swichi huiweka nje ya bafu. Upande wa nje hufunga kifuniko chenye vipande vinavyojifunga feni ikizimwa, na pale penye shimo la kuchangia hakiachi kamwe, asije mpangaji wa juu akanusa choo cha jirani.

Akimaliza huchukua kipande cha karatasi ya chooni, akafunga mlango, akakisogeza kwenye feni. Kikishika, kazi imekwisha. Kikianguka, anarudi kwenye mlango na bomba.

Kilichobaki ni cha mwenye nyumba. Pwani, hewa inayoingia nayo ina unyevu, hivyo bafu hukauka polepole: iache feni izunguke robo saa au zaidi baada ya kuoga, na vumbi la mapanga lifutwe kabla halijawa ukoko, umeme ukiwa umezimwa.

Basi ukitafuta fundi, usimuulize bei kwanza. Muulize hewa itapita wapi kuingia na wapi kutoka. Akionyesha dari peke yake, mshukuru na umuage. Akiinama kutazama chini ya mlango, mpe kazi, na akimaliza umlipe bila kupunguza hata shilingi.