Mtambo wa kurejesha nishati Bujumbura: hesabu iko kwenye unyevu

Mwenye jengo la ofisi Bujumbura akiletewa bei ya mtambo wa kurejesha nishati, huuliza kwanza: kifaa kilichopata umaarufu kwenye nchi za theluji kina kazi gani katika mji usiojua baridi? Swali lake ni la haki. Jibu linapatikana kwa kuhesabu hewa ya Bujumbura yenyewe, kwa sababu vitabu vya watengenezaji vimeandikwa kwa hewa ya kwingine.

Tuanze na kazi ya mtambo. Watu wakijaa ofisini wanahitaji hewa safi, na hewa hiyo huingia na joto pamoja na mvuke ambavyo kiyoyozi kitalazimika kuviondoa. Wakati huohuo, hewa iliyokwisha kupozwa kwa gharama inatupwa nje. Mtambo hupitisha mikondo hiyo miwili ubavu kwa ubavu, ikitenganishwa na kuta nyembamba, ili inayotoka iipoze inayoingia. Ulaya wakati wa baridi, ambako inayotoka huipasha moto inayoingia, tofauti kati ya ndani na nje hufika nyuzi 20 na zaidi. Bujumbura, alasiri ya nyuzi 29 na ofisi ya nyuzi 24, tofauti ni nyuzi 5 tu.

Wengi huishia hapo na kuukataa mtambo. Wamesahau mvuke. Kupoza kilo moja ya hewa kwa nyuzi 5 kunahitaji takriban kilojuli 5. Lakini hewa hiyo ya nyuzi 29, unyevu wake ukiwa asilimia 55, hubeba gramu 15 hivi za maji katika kila kilo, ilhali hewa tunayoitaka ndani hubeba 11. Kuugeuza mvuke wa gramu hizo 4 kuwa maji kunadai kilojuli 10. Theluthi mbili za mzigo, basi, ni unyevu.

Hapo ndipo uchaguzi wa kifaa unapoamuliwa. Mtambo wenye bamba za alumini hupitisha joto peke yake, kwa hiyo hapa unashughulikia theluthi moja tu ya mzigo. Wenye bamba za utando unaopitisha mvuke, au gurudumu lililopakwa dawa ya kunyonya unyevu, hushika sehemu zote mbili. Anayeagiza bila kutaja hilo anaweza kununua kitu kizuri kisichomfaa.

Tuchukue ukumbi wa watu 50, kila mmoja akipewa lita 10 za hewa safi kwa sekunde. Mzigo wa hewa hiyo ni takriban kilowati 8. Mtambo ukirejesha asilimia 60, unaondoa karibu kilowati 5. Ikiwa kiyoyozi kinahitaji kilowati 1 ya umeme kuondoa 3 za joto, zimeokolewa kama 1.6. Feni mbili za kusukuma hewa kwenye njia hizo nyembamba zitakula 0.4 hivi, na faida halisi inabaki 1.2. Si utajiri, lakini faida hiyo huja alasiri, mzigo unapokuwa mkubwa kuliko wakati wowote. Kwa hiyo mashine ya kupoza inaweza kununuliwa ndogo zaidi, na jenereta ya dizeli ya kuiendesha umeme ukikatika ikawa ndogo pia.

Saa nyingine hesabu hugeuka. Alfajiri hewa ya nje hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na kati ya Juni na Agosti huwa kavu. Wakati huo mtambo unaoendelea kurejesha unaipasha moto hewa ambayo ingetupoza bure. Kinga yake ni njia ya mchepuko: mlango wa chuma unaoipitisha hewa kando ya bamba. Kipimo kinachoufungua kisome joto na unyevu pamoja, maana usiku wa mvua hewa huwa baridi lakini imeshiba maji.

Mwinuko nao una neno. Bujumbura iko mita 770 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa iko chini kwa karibu asilimia 9. Feni itasukuma lita zilezile, lakini kilo za hewa zitapungua, na uwezo wa kupoza vilevile. Namba za katalogi zirekebishwe kabla ya kusaini.

Hospitalini tahadhari inazidi. Gurudumu huvujisha kiasi cha hewa chafu kurudi kwenye hewa safi, hivyo halifai wodi ya kifua kikuu. Jirani zetu wa Rwanda, katika Hospitali ya Butaro iliyofunguliwa 2011, walichagua madirisha ya juu, feni kubwa za dari na taa za mionzi ya kuua vijidudu, na korido wakazitoa nje ya jengo.

Lipo pia swali la Ziwa Tanganyika: kwa nini tusipozwe na maji yake? Toronto hufanya hivyo tangu 2004 kwa maji ya nyuzi 4 hivi kutoka Ziwa Ontario. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini hata chini kabisa maji yake yana nyuzi 23 na zaidi. Hayawezi kukausha hewa. Yanaweza kupokea joto linalotolewa na mashine, kwa sharti la mabomba kusafishwa tabaka la chokaa.

Kabla ya yote hayo, jengo lipunguziwe joto. Maktaba ya Muyinga, iliyojengwa 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, ina dari ya juu na matundu ya kupitisha hewa, na haidai kiyoyozi. Muyinga ni baridi kuliko Bujumbura, lakini kivuli na upenyo wa hewa hupunguza mzigo popote.

Kwa hiyo anayetangaza zabuni aandike masharti manne: utando unaopitisha mvuke, mchepuko wenye kipimo cha joto na unyevu, uwezo uliorekebishwa kwa mwinuko, na vichujio ambavyo fundi atavifikia bila kubomoa dari. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hesabu za hayo kwa hewa ya Bujumbura asipewe kazi.