Ufundi wa Kushukuru

Harusi ya Dar es Salaam huanza na daftari. Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe kamati huketi, kadi za michango husambazwa, na mhazini huanza kuandika: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Siku hizi orodha huwekwa pia kwenye kundi la WhatsApp, fedha zikiingia kwa simu. Wapo wanaoliona daftari hilo kama la madeni. Kwangu ni mwanzo wa shukrani, kwani utamshukuruje vizuri mtu usiyekumbuka alikutendea nini?

Wafanyabiashara wa Kichina walioko Kariakoo wangelielewa bila mkalimani. Katika harusi za kwao mgeni huleta bahasha nyekundu yenye fedha. Tarakimu 4 huepukwa, 8 hupendwa. Penye mapokezi jina na kiasi huandikwa kitabuni. Wageni hupewa pipi za harusi, lakini shukrani nzito hungoja: mtoaji naye akiozesha, kitabu hufunguliwa ili kinachorudi kisipungue kilichopokelewa.

Kwetu fundi wa shukrani hujulikana siku ya kuvunja kamati. Watu wamekula, wamekunywa, maharusi wanasimama. Asiyejua husema "asanteni wote" akaketi. Anayejua humtaja shangazi aliyekesha akimenya vitunguu, ndipo afike kwa aliyechangia milioni. Tena hasemi "asante kwa zawadi", husema, "Mama mdogo, sufuria zako tumeshapikia pilau, majirani wakala." Hapo mtoaji huona mkono wake umefika jikoni. Sijui shukrani iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa somo aliyemfunda bibi harusi na kwa mashangazi, maharusi wengine huenda Mtaa wa Uhuru kuwachagulia khanga. Kazi hii haitaki haraka. Rangi huvuta jicho, lakini jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ndilo husomwa kwanza, lisije likawa fumbo la kumchoma uliyekusudia kumheshimu. Kwa miaka mingi, nyingi ya khanga hizo zilitoka kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kwa hiyo mkono wa Mchina umo katika shukrani zetu tangu zamani.

Doti ikishapatikana, bibi na bwana harusi waipeleke wenyewe, waingie ndani, wanywe chai. Ujumbe wa simu unawatosha wenzao wa kazini.